Dakika Kumi na Moja za Jumanne ya Jeremia

Ijulikane kwa watu wote, wa mabondeni na wa milimani, walio hai na waliohifadhiwa kwenye diski, kwamba siku ya Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, Shule ya Sekondari ya Wavulana Itandula ilimteua mwanawe mwenye akili kuliko wote, Lwitiko Chaula wa Kidato cha Tatu, kwenda kuokoa siku ya marehemu iliyokuwa hatarini kupotea milele.

Uteuzi huo ulifanyika kwenye foleni ya uji. Mwalimu Kihwele alimshika kola kwa nyuma, akamchomoa mstarini kabla kikombe chake hakijajazwa.

"Wewe wa Klabu ya Kompyuta. Mikono yako inatetemeka?"

"Haitetemeki, Mwalimu."

"Basi twende. Diski ya Matroni imegoma kufunguka."

Hapo ndipo mikono ilipoanza kutetemeka.

Chumba cha Baridi cha Itandula zamani kilikuwa ghala la maziwa la mapadri. Sasa kina mashine moja tu, inaitwa Mshonaji, na kazi yake ni kusoma diski zilizoharibika na kuunganisha kilichokatika. Kuta zake ni nene. Mlango wake ni wa chuma, wenye mpira pembeni, na una tabia moja ambayo Lwitiko alikuwa akiwasimulia Kidato cha Kwanza kwa majivuno makubwa: Mshonaji akishaanza kusoma, mlango haufunguki mpaka amalize. Likiingia vumbi kidogo tu, au joto la pumzi ya mtu wa tatu, diski imekwenda na maji. Leo hakuona la kujivunia.

Mlangoni alisimama Matroni Sekela Ngailo, amekumbatia kitu kilichoviringishwa kwenye kitenge. Huyu ndiye aliyewaamsha wavulana mia nne kila siku saa kumi na nusu alfajiri kwa kugonga rimu ya lori kwa kipande cha nondo, akiita, "Amkeni, magogo ya Mungu." Sauti yake ilifika bonde la pili. Asubuhi hii haikufika hata kwenye midomo yake vizuri.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba, mwanangu. Umekunywa uji?"

"Bado."

"Mwalimu, mtoto hajanywa uji."

"Atakunywa tukitoka," alisema Mwalimu Kihwele. "Ni masaa matano tu."

Matroni alimkabidhi Lwitiko diski kwa mikono miwili, kama mtu anayempokeza mwenzake mtoto aliyelala. "Ina Jumanne moja tu humo," alisema. "Ya mimi na marehemu Jeremia. Usiipindue."

Lwitiko alijua kwamba ilikuwa na Jumanne moja tu. Alijua hata Jeremia alivaa shati gani.

Mlango ukajifunga nyuma yao, mpira ukafyonza hewa, na taa ya Mshonaji ikawaka nyekundu.

*

Ni lazima jambo moja lielezwe hapa, kwa ufupi na kwa heshima zote.

Diski za kizazi cha kwanza hazikuwa zikinakili siku. Zilikuwa zikiing'oa. Mtu alivaa taji, ule utepe wa shaba unaozunguka kichwa, akachagua siku aliyoipenda, na siku ikahama kutoka kichwani mwake, ikaenda kukaa kwenye diski ikiwa nzima, pamoja na harufu zake. Akiitaka, anavaa taji na kuiishi upya. Akivua, inarudi kwenye diski na kumwachia joto tu kifuani, kama ndoto inayokutoroka unapotafuta kandambili. Watu walikubali, kwa sababu siku iliyoko kichwani huchakaa na iliyoko kwenye diski haichakai. Baadaye, marehemu wa watu walipoanza kusikika redioni wakitangaza sabuni, ikatungwa Sheria ya Nakala Moja. Siku ya marehemu ni moja, diski yake ni moja, na hakuna kudurufu.

Hayo ni kwa mwenye siku. Mgeni akivaa taji hilo, siku haimtoroki. Anaitazama kama anavyotazama kitu kingine chochote, na alichokiona anabaki nacho.

Jumamosi iliyopita, wakati shule nzima ikifyeka nyasi, Lwitiko Chaula alikuwa mgeni. Alikuwa amelala chali chini ya kitanda cha Matroni, kwenye nyumba ndogo nyuma ya bweni, na taji lilikuwa kichwani.

Nia yake, aliiona wakati huo, ilikuwa njema na ya kihistoria. Matroni alijiruhusu kuiangalia Jumanne yake mara moja kwa wiki, Jumapili baada ya ibada. Lwitiko alikuwa amerekodi mlio wa rimu, akapanga kuupachika katikati ya siku hiyo, ili walau mara moja mwanamke yule aamshwe kama anavyowaamsha wenzake. Bweni zima lilijua. Bweni zima lilikuwa limeshaanza kucheka kwa akiba.

Ila ili kupachika kitu ni lazima kwanza utafute pa kukipachika. Akaangalia. Kengele ya kuhesabiwa ikalia kabla hajapachika chochote, akachomoa diski bila hata kuizima, akaifutika ndani ya shati, akakimbia, akiwa na nia ya kuirudisha baada ya robo saa.

Akafika bwenini. Na hapa mtu ambaye hajawahi kulala bweni hataelewa, lakini aliyelala ataelewa mpaka kwenye mifupa. Itandula, kitu kisicho na namba ni cha kila mtu. Ndoo ina namba, kijiko kina namba, godoro lina namba, mswaki una namba. Unapashia msumari moto kwenye mkaa wa pasi, unachoma namba yako kwenye plastiki, ndipo unakifungia kitu chako kwenye tranka. Lwitiko alikuwa amefanya hivyo kwa miaka mitatu. Mikono yake haikumuuliza. Pasi ya Obeti, wa kitanda cha jirani, ilikuwa imejaa mkaa hapo kando, msumari ulikuwa mahali pake, na akili ya Lwitiko ilipofika kwenye tukio ilikuta mikono imeshachoma B 217 kwenye diski ya marehemu, herufi na namba zote, kwa mwandiko mzuri sana.

Usiku akaisugua kwa jiwe. Alfajiri akairudisha. Jumapili Matroni akavaa taji, na halikuonyesha kitu.

*

"Mtu amesugua hapa," alisema Mwalimu Kihwele.

Alikuwa ameinamia diski na lenzi jichoni. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye koti la sufi alilolivaa hata Desemba, na aliongea taratibu kama anayeogopa kuamsha mtu.

"Labda panya, Mwalimu."

"Panya mwenye jiwe la kunolea."

"Huku Makete kuna panya wa kila aina, Mwalimu."

Mwalimu alimtazama kwa jicho lile lenye lenzi, ambalo lilikuwa kubwa kama la ng'ombe. Kisha akarudi kwenye kazi. "Tena pananuka moto. Joto limepita kwenye ganda likaunguza njia za ndani. Leta kibano. Shika hapo. Mbona unatetemeka?"

"Baridi, Mwalimu."

Hilo angalau lilikuwa kweli. Pumzi zao zilitoka kama moshi. Ukutani kulikuwa na dirisha moja tu, la kioo kinene, lisilozidi ukubwa wa daftari lililofunguliwa, na uso wa Matroni ulilijaza lote. Lwitiko aligeuza kiti, akamkuta kwenye mng'ao wa kabati la chuma. Akageuza tena, akamkuta kwenye skrini iliyozimwa. Mara uso ukaondoka, na moyo wake ukatua. Dakika kumi baadaye ukarudi, na pembeni yake kulikuwa na chupa ya chai. Matroni akaiinua juu ya kioo, akaonyesha kwa kidole: uji. Akaonyesha Lwitiko. Akatikisa kichwa kwa masikitiko kwa sababu mlango haufunguki, akaikumbatia chupa kifuani isipoe.

Lwitiko aliona afadhali angekuja na nondo.

Mshonaji alisoma polepole. Kwenye skrini Jumanne ilikuwa mstari mrefu wa kijani, na kila alipopita salama mstari ulinenepa. Asubuhi ilikuwepo: Sekela na Jeremia wakigombana kuhusu banda la kuku, ambalo Jeremia alilijenga kwa mikono yake na likaanguka kwa hiari yake. Jeremia alikuwa dereva wa lori la mbao, aliyejua njia zote za kusini na hakujua kupiga msumari. Yeye alisema banda limeangushwa na upepo. Mkewe alisema upepo haujawahi kumkosea mtu adabu kiasi hicho. Maneno yakakua. Mchana ulikuwepo, wa watu wawili wasiosemeshana. Na jioni ilikuwepo: wawili hao jikoni, wanakunywa chai, wanacheka mpaka Sekela anashika meza.

Kati ya mchana na jioni mstari ulikuwa mweusi.

"Dakika kumi na moja," alisema Mwalimu Kihwele. Alizima, akawasha, akajaribu kwa nguvu ndogo, akajaribu kutoka mwisho kurudi mwanzo. Weusi haukusogea. "Zimeungua. Hazipo tena."

"Kabisa, Mwalimu?"

"Kungekuwa na mtu mwingine aliyewahi kuiona siku hii, tungemvika taji tukachota kwake. Mshonaji anashona hata kitambaa cha jirani. Lakini nani ameiona? Mwenyewe haimkai kichwani. Jeremia yuko kaburini."

Lwitiko alitazama viatu vyake. Vilikuwa na namba, 217, pande zote mbili.

Aliyajua yote yaliyofuata, kwa kuwa kanuni za Mshonaji aliwahi kuziandika kwa wino na kuzibandika klabuni. Taji halichagui. Likichota kitu kichwani mwa mtu hukiondoa kabisa, hakibaki kwake, tena hukichota pamoja na mahali alipokionea: chaga za kitanda, vumbi, ndala za Matroni puani. Na kila kiraka huandikwa jina la aliyekitoa, na daftari la majina husomwa na Mkuu wa Shule kabla diski haijatoka. Kuingia kwenye siku ya marehemu wa mtu ni kosa ambalo Itandula ililiadhibu kwa namna moja tu. Unasimama paredi, jina lako linasomwa, unabeba tranka lako kichwani mpaka getini, na hakuna shule nyingine inayokupokea.

Alipima mlango kwa macho. Taa ilikuwa nyekundu. Yalibaki masaa mawili na dakika ishirini.

"Kuna njia nyingine," alisema Mwalimu Kihwele, na sauti yake ilishuka zaidi. "Mshonaji anaweza kukisia. Ana sauti ya Jeremia, ana uso wake, ana mke wake, anajua waligombana na anajua walipatana. Atatunga dakika kumi na moja za katikati."

"Na Matroni tutamwambia?"

Mwalimu alivua lenzi, akaifuta kwa koti kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Sheria inasema aambiwe. Nami nimefikiria hivi. Tukimwambia, kila Jumapili akifika hapo atakuwa anatazama kiraka, hamtazami mume. Tusipomwambia, ana Jumanne yake. Wewe unaonaje? Umenisaidia, una haki ya kusema."

Haijawahi kutokea, tangu Itandula ijengwe, mwanafunzi kuokolewa vizuri namna hiyo. Hakuna kiraka cha mtu, hakuna jina, hakuna paredi. Matroni angefurahi. Kuku wangefurahi. Kitu pekee kilichotakiwa ni kichwa kimoja kuinama.

Lwitiko aliinamisha kichwa.

*

Mshonaji alikisia kwa dakika arobaini. Alipomaliza, Mwalimu Kihwele alimwona Matroni bado yuko dirishani na chupa yake, akamhurumia. Aligeuza skrini ielekee kioo, akabonyeza swichi ya kipaza sauti cha nje, kinachopitisha sauti pande zote mbili, ili na yeye asikie.

Jeremia akatokea. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, jua la alasiri nyuma yake, shati la bluu limepigwa pasi. Akaweka mkono kifuani.

"Mke wangu mpenzi," alisema, kwa sauti ileile ya Jeremia. "Nimetafakari maneno yangu ya asubuhi. Hakika nilikukosea. Hasira ilinitawala. Naomba unisamehe kwa moyo wako wote, kwani wewe ndiwe nguzo ya nyumba hii."

Upande wa pili wa kioo Matroni Sekela alifunika mdomo kwa kiganja. Macho yalikuwa yamejaa. "Ndiye," sauti yake ilitoka kwenye kipaza sauti, imekwaruza. "Ndiye huyo. Mwalimu, Mungu akubariki."

Mwalimu Kihwele alitazama pembeni.

Jeremia akaendelea. Alisema habari za ndoa, na subira, na jinsi maisha yalivyo safari. Alisema vizuri sana. Alisema kama mgeni rasmi kwenye mahafali.

Lwitiko aliuma ulimi. Alijikumbusha mambo ya maana: tranka lina uzito gani, getini ni mbali kiasi gani, baba yake ana uso gani. Alijitahidi kwa dakika nne nzima. Lakini Jeremia alipofika kwenye "ewe ua la moyo wangu", kitu kilimpanda kooni, na kikatoka chenyewe, kwa sauti ndogo ya mtu anayesahihisha daftari la mwenzake.

"Wala hakusema hivyo."

Swichi ilikuwa wazi.

"Nani hakusema hivyo?" aliuliza Matroni.

Mwalimu Kihwele aligeuka taratibu kwenye kiti. Hakuwa na lenzi, lakini macho yake yote mawili yalikuwa makubwa. Akanyoosha mkono akamsimamisha Jeremia mdomo wazi.

"Lwitiko," alisema Matroni. "Nakuuliza, mwanangu. Hakusema nini?"

Palikuwa na uongo mwingi wa kuchagua. Lwitiko alikuwa fundi, na hata wakati huo vilimjia visingizio vitatu au vinne vizuri. Alitazama mlango. Alitazama dari. Kisha akatazama dirisha, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na yule mama alikuwa bado ameikumbatia chupa ya uji.

"Hakuja jikoni, Matroni. Alienda bandani. Wewe ulikuwa nyuma ya mlango wa uani na ungo wa mchele. Yeye hakujua. Alichuchumaa mbele ya yule kuku mwekundu, akaanza kumwomba msamaha kuku."

"Kuku."

"Alikuwa anafanya mazoezi, Matroni. Alisema, 'Sekela, banda ni langu, upepo nimeusingizia.' Kuku akageuka akampa mkia. Akazunguka upande wa pili, akaanza upya. 'Sekela, nisikilize basi.' Kuku akamdonoa kidole. Akasema, 'Haya, hata mimi ningejidonoa.' Ndipo ukacheka, mchele ukamwagika, akajua upo."

Matroni aliibana chupa kwenye kioo.

"Shati lilikuwa la kijani," aliongeza Lwitiko. "Lilikosa kifungo cha pili."

"Umejuaje hayo?" aliuliza Mwalimu Kihwele, ingawa sauti yake ilionyesha kwamba ameshajua, na kwamba amekumbuka yule panya.

"Nililala chini ya kitanda chake Jumamosi, Mwalimu, nikavaa taji. Halafu diski nikaipeleka bwenini, nikaichoma namba kwa msumari. Sikukusudia kuichoma. Kuiiba kidogo nilikusudia."

"Na ukaniacha nimkisie mume wa mtu."

"Ndiyo, Mwalimu."

Mwalimu alifungua mdomo, akakumbuka kwamba na yeye alikuwa tayari kunyamaza, akaufunga.

"Mwalimu," alisema Matroni kutoka kwenye kipaza sauti. "Hayo mazuri yanayosemwa hapo ni ya mashine?"

"Ni ya mashine, Matroni. Nisamehe."

"Nami nimelia." Alijifuta kwa ncha ya kitenge. "Yafute. Jeremia hajawahi kuniita ua." Akasogea mpaka pumzi yake ikafifisha kioo. "Wewe. Ukivaa taji, dakika hizo zinatoka kwako zinarudi kwangu?"

"Zinarudi, Matroni. Ila pamoja na mimi. Utaziona kupitia mahali nilipolala. Utaona ndala zako. Utanisikia nikicheka. Na jina langu linaandikwa."

"Linaandikwa, ndiyo. Sitamwomba Mkuu alifute."

"Sijasema umwombe."

"Vaa."

Lwitiko alichukua taji la shaba kutoka kwenye ndoano. Lilikuwa na baridi ya bati la alfajiri. Alilishika mkononi bila kulivaa, na Mwalimu Kihwele, aliyedhani kijana ameingiwa na woga, akaanza kumwambia kwamba haliumi.

"Najua haliumi. Matroni, kuna jambo jingine." Alikuwa akiongea na taji. "Nilikuja kupachika mlio wa rimu. Kabla kengele ya kuhesabiwa haijalia nilikuwa na muda, muda mwingi tu. Sikupachika kwa sababu nilikuwa nazirudia hizo dakika. Nilizirudia mara tatu."

"Mara tatu," alisema Matroni.

Lwitiko alitazama taa nyekundu, kisha dirisha.

"Mara saba," alisema. "Na ninavyolishika hili taji hapa, Matroni, sababu ya kutolivaa si paredi. Sitaki kumpoteza Jeremia."

Kisha akalivaa.